Mechi Nne kwa Kila Mtoto: Tathmini ya Mashindano ya Skwoshi ya Chipukizi Nairobi

Kabla ya saa nne asubuhi ya Ijumaa, mtoto wa kaka yangu alikuwa ameshashindwa mechi yake ya kwanza kwa seti tatu bila jibu, na katika mashindano mengi ambayo nimewahi kumpeleka yeye na binti yangu, huo ndio ungekuwa mwisho wa safari: tumepanda treni ya SGR kutoka Mombasa, tumelala kwa jamaa, tumelipa ada, na mtoto amecheza dakika 18 tu. Mashindano ya kanda ya chipukizi wa skwoshi, mchezo wa raketi unaochezwa na watu wawili ndani ya chumba kwa kupiga mpira ukutani, tuliyoyahudhuria Nairobi katika likizo ya Agosti yalipangwa kwa namna nyingine, na ni kwa ajili ya mpango huo hasa nimeona yafaa kuyaandikia tathmini hii, ili wazazi wengine wajue wanalipia nini. Jina la klabu iliyoyaandaa nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu nitaeleza pia yale ambayo hayakuniridhisha, na nia yangu ni yarekebishwe, si kumwaibisha mtu.

Katika kitengo cha wavulana walio chini ya umri wa miaka 13 walisajiliwa wachezaji 16. Kwa mtoano wa kawaida, wanane kati yao hurudi nyumbani baada ya mechi moja. Hapa waandalizi walitumia mfumo uitwao Monrad, ambao ndani yake anayeshindwa haondoki, bali huhamia upande wa pili wa droo na kukutana na mwingine aliyeshindwa, na mambo huendelea hivyo hadi kila nafasi, kuanzia ya kwanza hadi ya 16, ipate mwenyewe. Watoto 16 wakicheza mizunguko minne, kila mmoja hupata mechi nne, awe bingwa au awe wa mwisho. Kwa kitengo kimoja hizo ni mechi 32, ilhali mtoano mtupu ungekuwa na mechi 15, na ndiyo maana klabu nyingi huukwepa mfumo huu: unakula muda wa viwanja, unahitaji waamuzi wengi, na unamlazimu msimamizi kukaa hadi usiku akipanga ratiba ya watoto ambao hakuna gazeti litakalowaandika. Klabu hii yenye viwanja vinne iliukubali mzigo huo kwa hiari, na kwangu mimi hilo linazidi ubora wa vikombe au ukubwa wa bango lililotundikwa langoni.

Mtoto wetu alishindwa tena Jumamosi asubuhi, safari hii kwa seti tatu kwa mbili, akaangukia kundi la kuwania nafasi ya 13 hadi ya 16. Huko ndiko alikoanza kucheza kweli. Alikutana na wenzake wa kimo chake katika mchezo, mmoja akitokea Kampala na mwingine Nakuru, na badala ya kusimama akiutazama mpira ukimpita, akawa anabadilishana nao mipira mirefu kwenye ukuta wa pembeni, akikosea na kujirekebisha ndani ya seti ileile. Alishinda mechi ya Jumamosi jioni, akashinda na ya Jumapili, akamaliza wa 13. Mtoto niliyemkuta akilia chini ya ngazi siku ya Ijumaa ndiye aliyenivuta mkono Jumapili akaniambia, “Shangazi, mwakani nataka yule wa kwanza nimpate tena.”

Kwa upande wa wasichana, hali haikuwa njema kiasi hicho, ingawa kosa si la waandalizi peke yao. Walio chini ya miaka 13 walikuwa watano, akiwemo binti yangu, wakawekwa katika kundi moja ambalo kila mmoja alicheza na kila mwenzake, kwa hiyo naye alipata mechi zake nne. Lakini wasichana walio chini ya miaka 17 walikuwa watatu na wale wa chini ya miaka 19 wawili tu, vitengo vikaunganishwa, na nikashuhudia msichana wa miaka 15 akipambana na wa miaka 18 ambaye kila alipopiga, sauti ilijaa kiwanja kizima. Zawadi zilitolewa kwa kila kitengo peke yake, jambo ambalo ni la haki. Hata hivyo ningependelea wasichana hao waulizwe mapema kama wangependa kuingia katika droo ya wavulana wa umri mdogo zaidi, kwani mtoto wa miaka 15 hafaidiki kwa kuchapwa 11-2 mara tatu mfululizo, na hao wavulana nao wangejifunza mengi.

Fomu ya usajili ilinifurahisha kwa jambo moja ambalo huzua ugomvi kila mwaka. Kanuni inayotumika katika mashindano ya kimataifa ya vijana husema kwamba mchezaji awe hajafikisha umri wa kitengo chake hata siku ya mwisho ya mashindano. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anatimiza miaka 11 Jumapili yenyewe, kwa hiyo hangeweza kucheza na walio chini ya miaka 11 ingawa Ijumaa na Jumamosi alikuwa bado na miaka 10. Kanuni hiyo iliandikwa kwenye mstari wa kwanza wa fomu, kwa maneno yasiyo na utata, na cheti cha kuzaliwa kikakaguliwa kabla ya droo kupangwa. Nilisikitika kidogo kwa niaba yake, lakini sikuwa na neno.

Sasa nije kwenye mpira, kwa maana hapo ndipo nilipokuwa na malalamiko makubwa. Msomaji asiyeucheza mchezo huu huenda hajui kwamba mpira wa skwoshi, wenye kipenyo cha sentimita nne tu, haudundi ipasavyo ukiwa baridi. Lazima upigwe mara nyingi hadi upate joto, hewa iliyo ndani itanuke na raba ilainike, ndipo uruke kutoka ukutani na kumpa mchezaji nafasi ya kuufikia. Upo wa aina kadhaa, na aina hutambulika kwa vitone vya rangi. Wenye vitone viwili vya manjano ndio mzito kuliko yote katika kudunda, nao ndio unaotumiwa na wachezaji wa kulipwa. Wenye kitone kimoja cha manjano hudunda zaidi, na ule wa kitone chekundu au cha buluu, ambao pia ni mkubwa kidogo, hutengenezewa wanaojifunza.

Waandalizi walitumia mpira wa vitone viwili katika vitengo vyote, hata kwa walio chini ya miaka 11, na wadogo hao ndio waliopangiwa kuanza saa moja na nusu asubuhi. Nairobi mwezi wa Agosti ni baridi, na kuta za viwanja huwa zimelala na baridi hiyo usiku kucha. Mtoto wa miaka tisa hana nguvu ya kuupasha mpira moto kwa mkono wake. Akianzisha, mpira unagonga ukuta wa mbele na kuanguka kama kipande cha udongo, mwenzake anakimbia bure, na pointi imekwisha. Nilikaa roshani nikahesabu pointi tisa za seti moja zilizokwisha bila mpira kuvuka wavu, nikiazima neno la tenisi, zaidi ya mara mbili. Baadhi ya makocha walikuwa wakiipiga mipira kwa nguvu kabla ya mechi ili waipashe, lakini mapumziko ya kati ya seti yalitosha kuirudisha ilivyokuwa. Ilipofika saa sita mchana, viwanja vilevile vilikuwa na joto na mchezo ukawa tofauti kabisa, ila wadogo walikuwa wameshamaliza na wanakula ndizi. Tiba ya jambo hili ni mpira wa kitone kimoja, au chekundu kwa walio wadogo zaidi, na ratiba inayowaanzisha wakubwa asubuhi.

Kwetu tuliotoka pwani kulikuwa na tatizo la upande wa pili. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; hewa ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, na mpira ukishapata joto huruka juu na mbali kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Binti yangu amezoea kuupiga mpira wa juu unaotua nyuma kabisa ya kiwanja na kufia kwenye kona. Katika mechi yake ya kwanza ya mchana mpira huohuo uligonga ukuta wa nyuma na kurudi katikati, tayari kwa mpinzani, tena na tena, naye akadhani mkono wake umeharibika. Mapafu nayo yalidai haki yake. Kufikia seti ya tatu watoto wa pwani walikuwa wameinama, mikono magotini. Hapa nawapongeza waandalizi kwa dhati, kwa sababu Alhamisi jioni walikuwa wametenga saa moja na nusu ya mazoezi ya bure kwa watoto waliosafiri, viwanja vyote vinne, bila mwenyeji hata mmoja kuruhusiwa. Sisi treni yetu ilifika tukiwa tumechelewa, tukaikosa saa hiyo, na waliowahi walionekana wazi Ijumaa kwamba walikuwa wameshazoea namna mpira unavyopaa.

Miwani ya kukinga macho ilikuwa lazima kwa kila mtoto, na aliyekuja bila nayo aliazimwa mezani. Mpira wa skwoshi ni mdogo kiasi cha kuingia ndani ya tundu la jicho, kwa hiyo sharti hili halihitaji mjadala, na nilifurahi kuona halikulegezwa hata kwa kijana wa miaka 18 aliyesema hajawahi kuivaa.

Uamuzi ulifanywa kwa desturi iliyozoeleka: aliyemaliza mechi hubaki kuhesabu pointi za mechi inayofuata. Ni desturi nzuri, kwa kuwa mtoto akiisimamia mechi ya wengine hujifunza kanuni kuliko anapohubiriwa. Lakini skwoshi si mchezo rahisi kuamua, kwa sababu wachezaji wawili wako ndani ya chumba kimoja cha mita 9.75 kwa mita 6.4 na mara kwa mara hugongana au kuzuiana njia. Mwamuzi huamua papo hapo kama kuna leti, yaani mpira urudiwe, au stroki, yaani pointi apewe aliyezuiwa, au hakuna chochote. Jumamosi, kwenye mechi ya walio chini ya miaka 15 iliyofika seti ya tano ikiwa 9-9, mvulana wa miaka 12 aliamua leti, na mzazi mmoja akamfokea kutoka roshani kwa maneno ambayo sitayaandika. Mtoto akabaki kimya, karatasi ikitetemeka mkononi. Refa mkuu, mzee mmoja mtulivu, alisimamisha mechi, akamwomba mzazi atoke, kisha akakaa kando ya mtoto na kumuuliza kwa sauti ambayo sote tuliisikia, “Mwanangu, yule aliyeomba leti angeufikia ule mpira?” Mtoto akajibu kwamba angeufikia. “Na angeupiga vizuri?” Ndiyo. “Pointi angeipata moja kwa moja?” Hapana. “Basi ni leti, nawe umeamua sawa.” Mechi ikaendelea. Nimeona mashindano makubwa zaidi ya haya ambayo mzazi wa namna hiyo huachwa aseme apendavyo, na siku ileile niliamua kwamba watoto wangu watarudi hapa.

Kasoro katika uamuzi ni kwamba mzee huyo alikuwa mmoja kwa viwanja vinne, na maelezo ya kanuni aliyotoa Ijumaa asubuhi yalikuwa ya Kiingereza pekee. Walikuwepo watoto wanaofunzwa katika miradi ya mitaani, wengine wakiwa wameanza kuushika mchezo huu mwaka huohuo, ambao walitikisa vichwa bila kuelewa. Dakika kumi za Kiswahili zingewatosha.

Ratiba ya Jumamosi ilichelewa kwa zaidi ya saa moja na nusu, jambo ambalo katika mfumo wa mechi nne ni gumu kuliepuka kabisa, lakini taarifa zilitumwa kwenye kundi la WhatsApp kila mara, hata sisi tulioketi nje tukajua wakati wa kuingia. Chakula kilikuwa wali, maharagwe na kabichi kwa bei ya kawaida, na maji ya kunywa yalikuwa ya bure. Hapakuwa na mtu wa kufunga nyuzi za raketi. Binti yangu alikatikiwa na nyuzi na akamalizia na raketi ya kuazima iliyomzidi uzito.

Ada ilikuwa shilingi 2,000 kwa mtoto. Kwa mechi nne, refa aliyejua kazi yake na uwanja wa mazoezi kwa waliowahi, niliilipa bila kinyongo, na mwakani nitailipa tena hata ikipanda kidogo, mradi mfumo wa droo usiguswe. Tangu Oktoba 2023, ilipoamuliwa kwamba skwoshi itachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, nasikia wazazi wengi zaidi wakiuliza juu ya mchezo huu, na nina hofu kwamba watoto wakiongezeka, jambo la kwanza kukatwa ili kuokoa muda litakuwa mechi za nafasi ya tisa hadi ya 16. Barua ya kuwaomba wasifanye hivyo nimeshawatumia, pamoja na ombi la mipira ya kitone kimoja. Anayetoka pwani apande treni ya asubuhi ya Alhamisi, si ya mchana, ili mtoto aiwahi saa ile ya mazoezi, na amfungashie sweta na raketi ya pili.