Kitalu cha Chicago kiko Des Moines

Mara ya kwanza kwenda kuwaona Iowa Cubs, timu ya besiboli ya hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, nilikwenda kwa tiketi ya bure. Msimamizi wetu ghalani alikuwa nazo mbili na hakuna mwingine aliyezitaka. Nikamchukua mwanangu, wakati huo ana miaka saba, nikijua tutakaa nusu saa, tule soseji, turudi nyumbani nikalale kabla ya zamu ya usiku. Tulikaa mpaka fataki zikaisha. Zamu nilikwenda na macho mekundu. Huu ni msimu wetu wa nne, siku hizi najilipia mwenyewe, na nadhani nimekaa Principal Park, uwanja wao, vya kutosha kusema lililo zuri na lisilo zuri.

Kwanza ujue unanunua nini. Sisi tuliokulia kwenye Simba na Yanga tunadhani klabu ni klabu: inashinda, inapanda, inashuka, mnalia pamoja. Iowa Cubs hata wakishinda mechi zote za mwaka hawapandi popote. Hii ni timu ya kulea wachezaji wa Chicago Cubs, timu ya ligi kuu, na imekuwa hivyo tangu 1981. Wamarekani wanaziita timu za aina hii timu za shamba. Mpango wenyewe ulijengwa na Branch Rickey alipokuwa akiiongoza timu ya St. Louis Cardinals, miaka ya 1920: kama huna fedha za kugombania wachezaji walioiva, shika timu ndogo za mikoani ulee wako. Waliomcheka wakaja kumwiga. Leo kila timu kati ya 30 za ligi kuu ina timu nne za ligi ndogo zinazouza tiketi, jumla 120. Kabla ya 2021 zilikuwa 160. Arobaini zilikatwa kwa mpigo mmoja.

Kijana wa Cubs anaanzia Jamhuri ya Dominika au kwenye viwanja vya mazoezi vya Mesa, Arizona. Akionekana anafaa, anapelekwa Myrtle Beach, South Carolina, daraja la A. Kisha South Bend, Indiana, kisha Knoxville, Tennessee, ndipo anafika kwetu Des Moines, daraja la AAA, ngazi ya mwisho kabla ya Wrigley Field, uwanja wa Chicago Cubs. Kwa gari, kutoka hapa mpaka Chicago ni kama saa tano. Wapo waliotumia miaka mitatu kuzikata hizo saa tano, na wengi zaidi hawakufika.

Marehemu baba alikuwa na kitalu cha kahawa Mbozi. Miche ikiwa kwenye viriba unaimwagilia, unaiwekea kivuli, unaujua mmoja mmoja, halafu asubuhi moja pikapu ya mteja inakuja kuchukua iliyonyooka. Wewe unabaki na iliyopinda, na kesho unaimwagilia vilevile. Siku nilipong'amua kwamba ninachokitazama Des Moines ni kitalu, na kwamba neno shamba linadanganya, hasira zangu nyingi ziliisha.

Maana hasira zilikuwepo. Mfano: mrushaji wetu yuko ngwe ya tano kati ya tisa (ngwe ni kipindi cha mchezo), hakuna mpinzani aliyeupiga mpira wake ukatua salama, uwanja mzima umeanza kunong'ona. Kocha anatoka taratibu, anamnyang'anya mpira. Nini, ameumia? Hapana. Idadi ya mipira aliyopangiwa arushe siku hiyo imetimia. Anayeingia anapigwa hom rani mbili, yaani mipira inayovuka uzio, tunafungwa, na hakuna aliyekasirika isipokuwa mimi na mzee mmoja wa safu ya mbele. Kocha wa timu hizi hapimwi kwa msimamo wa ligi kama wetu wa nyumbani. Anapimwa kwa wangapi amewafikisha juu wakiwa wazima. Ukienda kutafuta ushindi utaumia bure.

Kuna jambo jingine lililonichukua misimu miwili kulielewa. Wachezaji na makocha wanalipwa na Chicago. Mwenye timu hapa ana uwanja, tiketi, bia, bisi na yule mtu aliyevaa kama dubu anayecheza na watoto, lakini hana sauti juu ya nani anacheza leo na nani anaondoka kesho. Sasa utauzaje bidhaa usiyoimiliki? Unauza kila kitu kinachoizunguka. Ndiyo maana kati ya ngwe na ngwe kuna watoto wanakimbizana uwanjani, kuna fulana zinarushwa jukwaani, na Ijumaa kuna fataki. Mwanzoni niliona ni utoto. Siku hizi naona ni biashara ya mtu mwenye akili timamu. Mmiliki wa zamani, Michael Gartner, alipoiuza timu mwishoni mwa 2021 aligawia wafanyakazi wake wa kudumu hundi, dola 2,000 kwa kila mwaka wa kazi, jumla dola 600,000. Ghalani kwetu tuliijadili habari hiyo wiki nzima, kila mtu akijihesabia miaka yake.

Uwanja wenyewe ni mzuri, na hapa sina cha kupunguza. Uko pale mito miwili inapokutana, Des Moines na Raccoon, unachukua watu kama 11,500, na ukikaa nyuma ya beisi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, unaona kuba la dhahabu la jengo la bunge la jimbo likikutazama kutoka ng'ambo. Jua likizama, kuba lile linawaka. Tiketi yetu huwa chini ya dola 20 na kutoka kiti chetu tunasikia mdakaji akimsemesha mwamuzi. Kuishi kati ya mito kuna gharama yake: Juni 2008, mafuriko yalipokuja na watu wakaondolewa katikati ya mji, timu ilicheza mechi bila mtazamaji hata mmoja. Mahudhurio yaliandikwa sifuri. Kila mara nikikutana na mtu anayeniambia alikuwepo siku ile, namwacha aendelee.

Onyo la manunuzi. Programu moja ya simu inayouza tiketi, siitaji, ilinikata ada mbili juu ya bei kwa mechi moja, na kurudishiwa ilikuwa safari. Nenda dirishani. Na usidhani viwanja vyote vya ligi ndogo viko hivi. Nimewahi kwenda kimoja katika jimbo jingine, mabenchi ya bati, Julai, hakuna kivuli. Mwanangu aliungua mapaja akadai twende tukatazame mechi ndani ya gari. Cha South Bend nakitamani bado, sijafika: nyuma ya uzio wa kushoto kuna sinagogi la zamani, la 1901, ambalo sasa ni duka la timu. Nataka nikaone kofia zinavyouzwa chini ya dari la nyumba ya ibada.

Kitu ambacho huwezi kukipata Wrigley ni kuona sheria zikijaribiwa. Saa inayomhesabia mrushaji sekunde ilianza huku kwenye ligi ndogo, 2022 mechi zikafupika kwa zaidi ya dakika 20, mwaka uliofuata ligi kuu ikaichukua. Mashine ya kuamua kama mpira uliorushwa umepita ndani ya eneo halali mbele ya mpigaji au nje nayo tumeizoea hapa mapema. Mwamuzi anapiga kelele zake, mpigaji anajigonga kofia ngumu kuonyesha anaupinga uamuzi, na sekunde chache baadaye picha inaonekana kwenye ubao mkubwa. Uwanja unageuka mahakama. Mwanangu anajigonga kichwa hata mezani, nikimwambia amalize mboga. Ligi kuu iliupitisha utaratibu huo Septemba 2025 uanze msimu wa 2026, nasi tulikuwa tumeshaanza kuuchoka.

Mara nyingine anashuka nyota wa Chicago anayetoka kwenye majeraha. Mpigaji ana mpaka siku 20 za kujipima huku, mrushaji 30. Desturi ni kwamba mkubwa akishuka anawanunulia vijana chakula cha maana chumbani, na ukiangalia vizuri siku ile utaona wachezaji wetu wana uchangamfu wa watu wanaojua kuna nyama baada ya kazi.

Sasa nieleze kwa nini katika nyota tano nimepunguza moja. Inahusu Kris Bryant, mpigaji aliyepita hapa, ingawa wakati wake mimi nilikuwa sijui hata gongo linashikwa upande gani. Timu za ligi kuu zilipochagua vijana wapya 2013, alichaguliwa wa pili nchi nzima. Mwaka 2014 alipiga hom rani 43 akiwa Tennessee na Iowa. Machi 2015, kwenye mechi za maandalizi, akapiga tisa nyingine. Kila mwenye macho alijua ameiva. Cubs wakamrudisha Iowa, wakisema anahitaji kurekebisha ulinzi wake. Akacheza mechi saba, kisha tarehe 17 Aprili akaitwa Chicago. Sasa sikiliza hesabu: siku 172 kwenye ligi kuu ndizo zinazohesabiwa mwaka kamili. Yeye alimaliza msimu na siku 171. Kwa siku moja hiyo, timu ikapata kumshikilia mwaka mzima zaidi kabla hajawa huru kujiuza anakotaka. Akawa mchezaji bora mpya wa mwaka, 2016 akawa mchezaji bora wa ligi na Cubs wakatwaa ubingwa waliousubiri tangu 1908. Malalamiko yake rasmi juu ya siku hiyo yalikuja kutupwa na msuluhishi 2020. Kisheria hakuna kosa. Lakini mimi ni mtu wa ghalani, saa zangu zinahesabiwa na mashine ya mlangoni, na najua mtu akikatiwa dakika moja kwa makusudi anajisikiaje. Mkataba wa 2022 umeweka motisha kwa timu zinazowapandisha vijana mapema. Motisha, si katazo.

Na mishahara? Ilikuwa aibu. Kabla ya 2023 kima cha chini cha daraja letu, ambalo ni la juu kabisa, kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka. Mimi na mashine yangu ya kunyanyulia mizigo nilikuwa nawazidi vijana ambao watoto wanawaomba saini. Septemba 2022 wakaingia kwenye chama cha wachezaji, na Machi 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza: dola 35,800 kwa AAA, 26,200 kwa daraja la A. Mwaka huohuo kima cha chini cha ligi kuu kilikuwa 720,000. Gawanya kwa siku za msimu: kijana wa kima cha chini akiitwa Chicago kwa siku kumi tu, ameshapita alichotakiwa kulipwa Des Moines mwaka mzima.

Shika hiyo hesabu ya siku kumi, kwa sababu ndiyo inayoeleza kilichotokea msimu uliopita mwishoni mwa Julai, na kwa nini nitaendelea kutoa pesa yangu.

Ngwe ya nne. Mchezaji wetu wa kushoto, ambaye mwanangu alikuwa amemchagua tangu Aprili kwa sababu zake mwenyewe (anavaa soksi mpaka magotini), hakutoka kwenda kulinda. Akaingia mwingine. Tukamwona bado amesimama benchini, mara mmoja akamkumbatia, mara wa pili, mara kocha akamshika shingo akamnong'oneza.

"Baba, ameumia?"

Nikasema sijui. Yule mzee wa safu ya mbele akageuka. Alikuwa ametazama uso wa mtoto tu, Kiswahili hakijui, lakini swali alilielewa. Akanyoosha kidole juu.

Majukwaa yakaanza kupokea habari safu kwa safu, simu zikawaka, na kabla mechi haijaendelea watu walikuwa wamesimama wakimpigia makofi mtu ambaye alikuwa anatukimbia. Hapo ndipo nilipowaelewa mashabiki wa huku. Wanashangilia mche kupakiwa kwenye pikapu. Mwanangu alipiga makofi huku machozi yanamtoka, akaniuliza kama tunaweza kwenda Chicago Jumamosi. Nikamwambia nina zamu. Tukamtazama kwenye runinga. Mara ya kwanza akakosa mara tatu akarudi kukaa. Mara ya pili vilevile.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mgeni: usishike timu, shika mchezaji mmoja. Mchague Aprili, usisome magazeti yanasema nini juu yake, mfuate. Utajifunza besiboli haraka kuliko kwa kufundishwa, na utapata sababu ya kukaa mpaka ngwe ya tisa hata timu ikiwa imefungwa kumi. Nenda Jumanne au Jumatano, hakuna msongamano, na mpinzani yuleyule atakuwepo mpaka Jumapili. Jumatatu usisumbuke, ni mapumziko. Beba jaketi mwezi wa Aprili, upepo wa mtoni hauna adabu. Nyota nne kati ya tano.

Agosti tulirudi, siku ya Jumatano. Kikosi kinaonyeshwa ubaoni, mwanangu anakisoma kwa sauti kama kawaida yake, akafika jina la sita akanyamaza. Kisha akanivuta mkono.

"Baba, amerudi."

Alikuwa pale upande wa kushoto, soksi magotini, akirushiana mpira na mwenzake. Nikahesabu siku kwa vidole. Kumi na mbili.