Niliagiza mita 6 za kuni, zikapangika chini ya 4

Huduma ninayoizungumzia ni ya kuuza kuni na kuzileta hadi nyumbani, na nimeitumia kwa majira mawili ya baridi. Jina lao naliacha, maana yaliyonikuta kwao yanaweza kumkuta mtu kwa muuzaji yeyote anayepima kwa jicho.

Mwaka wa kwanza nilitegemea kikokotoo kilichoko kwenye tovuti yao. Unajaza ukubwa wa nyumba na idadi ya vyumba, kinakutolea jibu. Mimi kiliniambia mita 3 za ujazo zinatosha. Nikaagiza 3, zikamwagwa uani, tukazirundika bandani bila mpangilio. Miezi miwili ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Baridi kali ilipoingia hazikumaliza hata wiki nne. Wiki zilizofuata, za baridi kuliko zote, tulichoma kuni za mifuko, na usiku tulilala sote chumba kimoja chenye jiko, watoto katikati.

Kikokotoo kile hakiulizi yaliyo ya lazima. Hakiulizi kama unawasha jiko la chuma lenye mlango au meko ya wazi, wakati meko ya wazi hupeleka sehemu kubwa ya joto dohani na jiko zuri la kisasa hubakiza ndani kama robo tatu. Hakiulizi kama jiko ndilo joto lako pekee au unaliwasha jioni tu, wala kama upepo unapita chini ya milango. Aina ya mti pia hakiigusi. Kilo ya mwaloni na kilo ya msonobari hutoa joto linalokaribiana, ila mwaloni ni mzito, kwa hiyo banda lilelile likijaa msonobari litakwisha mapema zaidi.

Nilichofanya ni kupima mwenyewe. Kila kapu la kuni kabla ya kuingia ndani nililiweka juu ya mizani ya kujipimia uzito, nikaandika kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Sikupima kila siku ya msimu. Nilipima wiki moja baridi ilipoanza, wiki moja ilipokolea, na wiki moja ilipokuwa inaondoka, na hapo ndipo nilipoelewa kosa la kukisia kwa siku moja. Mwanzoni tulichoma kilo 8 kwa siku. Kwenye baridi kali zilifika 19. Mwishoni zikashuka hadi 9. Nikazidisha: siku 60 za mwanzo ni kilo 480, siku 75 za kati ni 1,425, siku 45 za mwisho ni 405. Jumla kilo 2,310. Mita moja ya ujazo ya mwaloni mkavu uliopasuliwa na kupangwa vizuri nimeihesabu kuwa kilo 450, basi hitaji letu likawa mita 5 na kidogo. Nikaagiza 6 ili nibaki na akiba.

Lori lilifika saa waliyoahidi. Kwa hilo nawasifu bila kusita, mwaka jana pia hawakuchelewa. Kuni zimekatwa urefu sawa wa sentimita 33, zinaingia jikoni bila kulazimishwa, na hazikuja na udongo. Safari hii mimi na mume wangu tulizipanga siku hiyohiyo, safu tatu zilizobanana, magome yakitazama juu. Tulipomaliza nikachukua futi kamba: urefu mita 2.6, kimo mita 1.5, upana mita moja kasoro kidogo. Ni mita 3.9. Nilipima tena kuanzia upande wa pili, jibu likawa lilelile.

Nikampigia kijana wa lori. Akanijibu kwa adabu: "Mama, sisi tunapima zikiwa zimemwagwa ndani ya lori." Nikamwambia, "Sawa mwanangu, lakini mngeniandikia hivyo kabla sijalipa." Na kweli, kuni zilizotupwa ovyo zina nafasi nyingi katikati yake, ukizipanga hubaki kama theluthi mbili. Kijana hakusema uongo. Lakini kwenye ukurasa wa kuagizia wameandika "mita za ujazo" tu, na anayehesabu kama nilivyohesabu mimi atapungukiwa katikati ya baridi. Hata zile 3 za mwaka wa kwanza kumbe zilikuwa 2.

Kilichoniuma zaidi ni unyevu. Waliandika kuni kavu. Nina kipima unyevu kidogo cha sindano mbili, nikazichoma kwenye ncha ya kipande kinene: asilimia 16. Mtu angeridhika hapo. Lakini ncha hukauka kwanza, kwa hiyo nilimwomba mume wangu akipasue kwa shoka, nikachoma sindano kwenye uso mpya wa ndani. Asilimia 31. Ulikuwa na ubaridi ukiugusa kwa kiganja, na ukiupeleka puani unanuka uchachu kama mti uliokatwa juzi. Tulipasua vipande kumi kutoka sehemu mbalimbali za rundo. Saba vilikuwa chini ya 20, ambacho ndicho kiwango ninachokubali kutia jikoni. Vitatu, vyote vinene, vilikuwa kati ya 28 na 31.

Kuni mbichi zinaharibu hesabu yote. Kilo ya kuni kavu ina takriban kilowati-saa 4 za joto. Mti uliokatwa sasa hivi, ambao nusu ya uzito wake ni maji, hutoa kama 2, kwa sababu moto unahangaika kwanza kuyachemsha maji. Utaziona zinatoa povu kwenye ncha, zinafoka, kioo cha mlango kinageuka cheusi. Masizi ya aina hiyo huganda dohani kama lami, na yakishika moto nyumba iko hatarini. Sitaki hilo liwe juu ya vichwa vya wanangu.

Niliwaandikia. Walijibu siku ya pili, wakakiri kwamba vipande vinene vya mwaloni vilihitaji mwaka mmoja zaidi, lakini hawakurudisha chochote. Niliagiza nyingine 4 za kumwagwa, nikijua sasa kwamba ni kama 2.6 za kupangwa, na nikasema wazi kuwa nitapasua na kupima kabla lori halijashusha. Walikubali, na kijana yule mwenyewe alinishikia vipande. Vitano nilivyopima vilikuwa kati ya 15 na 18.

Nawapa nyota tatu kati ya tano: mbili kwa usafirishaji na ukataji, moja kwa kukubali nipime langoni. Waandike "zilizomwagwa" au "zilizopangwa" mbele ya kila mita, nami nitaongeza ya nne. Zile nene nimezitenga ukuta wa nyuma, kama mita 1.2, nimezipasua mara mbili zaidi na kuzipiga alama ya chaki nyeupe. Hizo haziguswi hadi baridi ya mwaka ujao.