Shule ya Waingereza Maskati: nyota mbili, na zote mbili si za mapokezi

Habari za bwawa la kuogelea, ada na mitihani ya IGCSE someni kwenye tovuti yao. Picha nzuri, watoto wote wanacheka. Mimi nina habari ya benchi.

Ilikuwa mwanzoni mwa muhula, joto lile la Maskati ambalo hata usukani haushikiki. Nesi wa shule akanipigia simu: binti yako ana homa, njoo umchukue. Nilikuwa jikoni. Nikatoka na dera langu, mtandio kichwani, ndala miguuni, kadi ya mzazi nikaisahau mezani. Hilo ni kosa langu, sibishi.

Mapokezi yuko mama wa Kiingereza, macho kwenye kompyuta. Nikasalimia, nikasema nimemfuata mtoto wa Mwaka wa Tatu, anaumwa. Hakuinua uso. Akanyoosha kalamu mlangoni: "Mayaya wanasubiri nje."

Nikamwambia mimi ndiye mama yake.

"Basi mwambie mama yake atupigie simu."

Jamani! Hata sijui nilitokaje mle ndani. Nje kuna benchi la chuma, jua linalipiga moja kwa moja. Wamekaa Waganda wawili na Mfilipino mmoja. Wakasogea, wakanipa nafasi. Mganda mmoja akanipa maji yake. "Dada, wewe kadama mpya?" Ndivyo wafanyakazi wa ndani wanavyoitana huku. Nilishindwa kumjibu.

Aliyeniokoa ni bibi wa dirisha la sare, Mwomani. Alinisikia nikinung'unika, mtoto anaungua homa ndani, mimi nimeanikwa huku kama dagaa. Akachungulia: "Wewe mwanangu mtu wa wapi?"

"Tanga, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mie mzaliwa wa Malindi, Unguja. Baba alituleta huku 1970 na kitu, Sultani Qaboos alipowaita watu warudi. Nani kakuweka juani?"

Akaingia mapokezi. Nilisikia Kiarabu na Kiingereza vikichanganyika, halafu yule mama akatokea mlangoni, uso mwekundu, samahani sana, nilidhani... Alidhani nini hakumalizia. Nikaingizwa kwenye kiyoyozi, nikaletewa chupa ya maji baridi.

Wale watatu wakabaki juani. Na mimi nikaingia, sikusema neno. Mpaka leo sijui hasira yangu ilikuwa ya nini, kuitwa yaya au yaya kukalishwa pale. Siku ile, niseme ukweli, ilikuwa ya kuitwa yaya tu.

Nikiwa nasubiri nikaona ukutani wametundika bendera za nchi za wazazi. Yetu iko kichwa chini, buluu juu, kijani chini! Baadaye mkuu wa shule akaniandikia barua pepe ndefu, wanajivunia familia za mataifa mbalimbali. Nikamjibu mistari miwili: benchi, na bendera.

Nilishaapa kumhamisha mtoto. Sasa njoo kwa mwalimu wake, kijana wa Wales. Mtoto aliporudi shule alimpokea kwa "Habari za asubuhi?", kafundishwa na mwanafunzi wake mwenyewe. Huyu mtoto alikuwa ukimpa kitabu anakimbilia chooni. Siku hizi namkuta usiku na tochi chini ya shuka, anasoma. Nimnyime nyota mwalimu kama huyo? Roho haitaki. Ila walimu hawa mikataba yao ni miaka miwili miwili, ukishamzoea anafunga mizigo. Huyu akiondoka nakuja kufuta nyota yake, ibaki ya bibi wa sare peke yake.

Ada inalipwa na kampuni ya mume wangu. Ingetoka mfukoni mwangu, haya yote ningeyaandika kwa herufi kubwa.

Juzi nimekwenda tena, nimevaa vizuri kwa makusudi, naona aibu hata kulisema. Benchi limefungiwa turubai juu. Mganda wangu kanipungia mkono, kanionyesha na dumu la maji waliloletewa. Nikaingia ndani.

Buluu bado iko juu.