RTX 4070 Super kwenye mashine ya Ryzen 5 3600: kadi safi, ila prosesa inabana

Nilitoka GTX 1660 Super, kadi ya michoro ya 2019 yenye kumbukumbu ya GB 6, nikaingia RTX 4070 Super yenye GB 12. Nilitaka kucheza kwa 1440p kwenye monita ya 165 Hz (inaonyesha picha hadi mara 165 kwa sekunde), na hizo 165 zijae kweli, siyo zibaki maandishi ya kwenye boksi. Kadi yenyewe sina ugomvi nayo: haina kelele, na inakula wati 220 tu ikibanwa. Lakini ukitafuta FPS (fremu kwa sekunde) nyingi, kadi ni nusu tu ya shughuli.

Hesabu ni hii. Kwa FPS 60, kila fremu ina milisekunde 16.7 za kuandaliwa. Kwa 165 zinabaki kama 6. Kabla kadi haijachora kitu, prosesa inatakiwa iwe imeshapanga nani yuko wapi, risasi imepita wapi na nini kichorwe. Prosesa ikitumia milisekunde 10, hutavuka FPS 100 hata ukifunga kadi yenye bei ya bodaboda. Kwa Ryzen 5 3600 ndicho kilichotokea: kwenye gemu nzito kadi ilikuwa inasoma asilimia 60 hadi 70, na FPS zimegoma kupanda.

Kupima ni rahisi. Shusha gemu kutoka 1440p hadi 1080p, usiguse kitu kingine. FPS zikipanda, kadi ndiyo ilikuwa imebanwa. Zikibaki palepale, ni prosesa. Usidanganywe na asilimia ya jumla ya CPU: 3600 ina nyuzi 12 (njia za kufanyia kazi kwa wakati mmoja), na uzi mmoja unaweza kuwa umefika mwisho huku jumla ikisoma 50.

Kwenye ubao mama wa AM4, yaani soketi ya 3600, dawa ni Ryzen 7 5700X3D. Inakaa soketi ileile na ina kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96, wakati 3600 ina 32. Faida yake kubwa siyo wastani wa FPS bali zile za chini: kule kukwamakwama ukigeuka ghafla au mlipuko ukitokea kunapungua sana. Sasisha BIOS (programu ya ubao mama inayowasha mashine) kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, la sivyo utawasha mashine na kioo kitabaki cheusi. Nunua na feni ya prosesa, maana 5700X3D haiji nayo, na ile ndogo ya 3600 haitoshi. Wakati wa kung'oa, cheza gemu dakika chache ili pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza ilainike, zima na uchomoe waya wa ukutani, kisha zungusha kipoza taratibu kushoto na kulia kabla ya kukivuta. Prosesa za AM4 zina pini chini yake. Ukivuta kwa nguvu na pesti imekauka, inatoka soketini ikiwa imeganda kwenye kipoza na pini zinapinda.

Ukiwa ndani ya BIOS, washa XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake iliyoandikwa. RAM ya 3200 isipowashiwa XMP mara nyingi inakimbia 2133 au 2400, na hapo unapoteza FPS ulizokwisha kuzilipia.

Kuhusu umeme, Nvidia wanapendekeza pawa saplai ya wati 650. Toleo nililofunga linatumia plagi ya pini 16, pamoja na adapta inayounganisha waya mbili za pini 8. Toa kila waya wa pini 8 peke yake kutoka kwenye pawa saplai. Usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili. Plagi ya pini 16 isukume mpaka pasionekane mwanya kati yake na kadi, na usianze kuikunja karibu na mdomo. Acha kama sentimita 3 na nusu zikiwa zimenyooka. Plagi za 4090 zilizoyeyuka nyingi zilikuwa hazijaingia vizuri, na ingawa hii inavuta umeme mdogo kuliko 4090, sioni sababu ya kubahatisha.

Huku kwetu ongeza suala la UPS, betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika. Zile ndogo za VA 650 nyingi zinaishia karibu wati 360. Mashine hii pamoja na monita inafika hapo ukiwa katikati ya gemu, kwa hiyo umeme ukikatika UPS inapiga kelele na kuzima papo hapo. Chukua VA 1000 au zaidi. Stabilaiza pekee inasaidia umeme ukipanda na kushuka, lakini ukikatika haikusaidii kitu.

Draiva: ukitoka Nvidia kwenda Nvidia, kusakinisha upya kwa njia ya kawaida kunatosha. Ukihama kutoka AMD, safisha na DDU (programu ya kufuta draiva za zamani) ukiwa Safe Mode na intaneti imezimwa. Baada ya hapo fungua Advanced display ndani ya Windows uangalie Hz, kwa sababu mara nyingi inarudi 60 na mtu anailaumu kadi bure. Waya uwe DisplayPort, uchomekwe kwenye kadi, siyo kwenye ubao mama, HDMI 1.4 haifiki 144 kwa 1440p. Mimi nimewasha G-Sync na V-Sync, zinazolinganisha kadi na monita, kwenye paneli ya Nvidia, nikafunga FPS kwenye 158. Picha haikatiki, na kipanya hakichelewi.

Frame Generation, yaani kadi kubuni fremu za kati, inaongeza namba kwenye kioo, haiongezi wepesi wa mkono. Kwa gemu za hadithi ni tamu, mradi uanze na FPS 60 hivi za kweli. Kwa gemu za kufyatuana izime. Na ping (muda wa kwenda kwenye seva na kurudi) ya 180 itabaki 180.

Kama una 3600 na pesa inatosha kitu kimoja, angalia monita kwanza. Ukiwa na 1080p na unacheza CS2 au Valorant, anza na prosesa. Ukiwa na 1440p na kadi ya GB 6, anza na kadi. RTX 5070 ya 2025 nayo ina GB 12 na inakula wati 250, kwa hiyo 4070 Super mpya usiinunue kwa bei inayofikia ya 5070.