Deki yangu ya Blu-ray ilipogomea diski mpya

Deki hii ya Blu-ray, yaani ya kuchezea diski za filamu zenye picha kali kuliko DVD, niliinunua Kariakoo mwaka jana, mtumba wa Uingereza, kwa shilingi 120,000. Muuzaji aliichomeka kwenye televisheni ya dukani, akaweka diski ya zamani, picha ikatoka safi kabisa. Nikalipa. Plagi yake ya pini tatu iliingia ukutani kwangu Tabata bila adapta, na kwa miezi minne sikuwa na neno nayo.

Kisha mdogo wangu anayeishi Leicester akamletea mama diski tatu za filamu za wanyamapori, zikiwa bado kwenye nailoni. Mbili zikagoma. Deki inaguruma kidogo, inatulia, inaguruma tena, halafu inaandika kwamba diski haisomeki. Nikampelekea fundi. Akafungua, akapangusa lenzi kwa pamba yenye spiriti, akachukua 10,000 yake, halafu akaniambia, "Dada, lenzi imechoka. Tafuta elfu sitini tuweke nyingine." Nilikuwa tayari kutoa. Kilichonizuia ni kwamba diski zangu za zamani zilikuwa zinacheza mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Lenzi iliyochoka haichagui umri wa diski.

Nikakaa nikasoma. Diski za Blu-ray hufungwa kwa mfumo wa kuzuia kunakili uitwao AACS, na deki hubeba funguo za kuzifungulia. Funguo zikivuja hufutwa, na diski zinazotoka baada ya hapo hazizikubali tena. Isitoshe, menyu za diski nyingi ni programu zilizoandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta, na deki ya siku nyingi inaweza kuzishindwa hata kama leza yake ni nzima. Dawa ni kusasisha fimwea, yaani programu inayoiendesha deki yenyewe.

Hapo ndipo nilipohangaika. Deki ina tundu la waya wa intaneti, lakini nyumbani natumia bando la simu, kwa hiyo nikapitia njia ya flashi. Flashi yangu ya GB 64 haikuonekana kabisa, kwa sababu deki inataka iliyofomatiwa kwa FAT32, mojawapo ya njia za kupanga mafaili ndani ya flashi. Nikaazima ya GB 4. Faili nililopakua lilikuwa limebanwa. Nililiweka hivyohivyo, deki ikakaa kimya. Nilipolifungua kwanza kwenye kompyuta, likatambulika. Na tafadhali soma kibandiko cha nyuma ya deki hadi herufi ya mwisho: modeli ya Ulaya na ya Marekani zaweza kufanana jina lote zikatofautiana hapo tu, na faili lisilo lake usilijaribu.

Jambo lililoninyima usingizi ni umeme. Ukikatika deki ikiwa katikati ya kujiandika upya, inaweza isiwake tena. Nikamwomba jirani mwenye duka la steshenari UPS yake, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, nikaanzisha kusasisha saa tano usiku, nikakaa sakafuni mbele ya deki bila kugusa rimoti. Ilichukua dakika kumi na mbili. Ikajizima, ikawaka, ikatoa trei. Mipangilio yote ilikuwa imefutika, ila diski ya kwanza ikacheza palepale, na mama akaamshwa aje aone tembo.

Ya pili ikaendelea kugoma. Nilipolitazama kasha lake vizuri, lilikuwa jeusi, siyo la buluu kama mengine: ilikuwa diski ya 4K, aina ya Blu-ray yenye picha kali zaidi. Hizo hufika hadi GB 100, wakati Blu-ray ya kawaida yenye tabaka mbili ni GB 50, na hakuna fimwea itakayoifanya deki ya kawaida izisome.

Kwa anayetaka kununua, mimi deki hii naipenda, na kwa bei ile ningeinunua tena. Ila mtumba wa Uingereza na wa Japani si sawa. Blu-ray imegawa dunia kwa kanda, na diski ya kanda moja inaweza kukataliwa na deki ya kanda nyingine; sisi na Uingereza tuko kanda B. Japani na Marekani wako kanda A, na deki ya kwao inaweza kukataa diski zetu hata ukiisasisha mara ngapi. Ya Japani pia mara nyingi ni ya volti 100, na ukutani kwetu kuna 230. Halafu, kabla ya kutoa hela, tafuta modeli yake kwenye tovuti ya kampuni uone kama bado inatolewa matoleo mapya ya fimwea. Yangu haitolewi tena. Nililoweka ndilo la mwisho. Fundi nimemweleza yote haya, akaandika neno FAT32 kwenye daftari lake. Diski ya 4K imerudi Leicester kubadilishwa.