Kufuli la waya la bastola (la bure, Michigan): zuri, ila nani anajua kama lipo?

Baba watoto anafanya sekyuriti ya usiku hapa Grand Rapids kwahiyo bastola ipo ndani, mimi sijawahi kuipenda ila ndo kazi yake, afu tuna watoto wa umri ule wa kufungua kila droo. Ukinunua bastola dukani sheria ya nchi nzima inamtaka muuzaji akupe kifaa cha kufungia, yetu ilinunuliwa mkononi kwa mwenzake kazini, vibali vyote vipo, lakini kufuli hamna. Nikaenda kuchukua idara ya afya ya kaunti, bure kabisa, hata vituo vingi vya polisi wanatoa.

Kitu chenyewe ni waya wa chuma uliovikwa plastiki, mwishoni kikufuli, funguo mbili. Unatoa magazini (kile kibebeo cha risasi), unavuta slaidi (chuma cha juu kinachoteleza) nyuma unaiacha wazi, unachungulia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa (chungulieni kweli jamani, magazini ikitoka bado risasi moja inaweza kuwa imebaki humo), afu unaingiza waya pale juu ganda linaporukia, unautokeza chini kwenye mpini, unafunga. Basi slaidi hairudi na magazini haiingii, mtoto hata akiishika haipigi. Mara ya kwanza mzee alihangaika akanuna, siku hizi anafunga fasta kuliko kamba za viatu.

Kasoro ipo, mwizi mwenye mkasi wa kukatia vyuma anaukata, au anabeba tu bastola nzima na kufuli lake. Ila mi sikulichukua kwa ajili ya mwizi, nimelichukua kwa ajili ya mtoto, na kwa ajili ya mtu mzima mwenye usiku mbaya, maana zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi Marekani wamejiua wenyewe na hilo nyumbani kwetu hatulisemi. Na tangu 2020 risasi ndo inaongoza kuua watoto na vijana nchi hii, imezipita ajali za magari.

Sasa sikieni hii. Ile shule ya Oxford, hapa hapa Michigan, Novemba 30, 2021, kijana wa miaka 15 akaua wanafunzi wanne na bastola aliyonunuliwa na baba yake. Kesi za wazazi wake zilivyosikilizwa 2024 ikaonekana kufuli la waya kama hili hili walikuwa nalo, liko kwenye pakiti yake halijafunguliwa, na mwendesha mashtaka akasimama mbele ya baraza la wazee wa mahakama akalifunga kwa sekunde chache tu waone ilikuwa kazi ngumu kiasi gani. Baba na mama wote wakala miaka 10 hadi 15.

Sheria ya Michigan ya kufungia silaha palipo na watoto ilisainiwa na gavana Whitmer 2023, ikaanza Februari 13, 2024, mtoto akiichukua akaua au akafa unaweza kufungwa mpaka miaka 15. Kesho yake tu huko Flint mtoto wa miaka miwili akajipiga risasi, baba akawa wa kwanza kushtakiwa kwa sheria hiyo. Siku moja! Mnataka kuniambia tangazo lilikuwa limemfikia kila mtu?

Hapo ndo nawakatia nyota wanaotangaza. Pakiti yangu maelezo ni Kiingereza na Kihispania basi, wakati mji huu Wakongo wanajaza makanisa kwa Kiswahili na Kinyarwanda, na wengi wanashika kazi za ulinzi kama mume wangu. Kanisani kwetu niliwauliza kina mama, wengi hata hiyo sheria hawajawahi kuisikia, kufuli la bure ndo kabisaa. Nafuu ya kodi ya kununua sefu na makufuli nayo waliiweka ikaishia mwisho wa 2024.

Kwahiyo kama una mwakilishi wako Lansing, makao makuu ya Michigan, mpigie simu, hawali mtu, msaidizi wake atapokea, taja jina na mtaa, mwambie unataka hela ya kutangaza hii sheria kwa lugha zetu na ile nafuu ya kodi irudi. Mimi nimepiga, nikaandikiwa ujumbe, nitapiga tena.

Kufuli nyota tano, utangazaji wake nyota mbili. Mkienda ombeni mawili kama ndani kuna bunduki ndefu, na ufunguo msiuache kwenye droo ile ile.