Tiketi ya basi kwa simu: huduma nzuri, saa ya kubahatisha

Huduma hii ya kukata tiketi za basi kwa simu nimeitumia mara nne, na mara tatu za mwanzo sikuwa na la kulalamikia: unachagua kiti, unalipa kwa pesa za simu, na ujumbe wa tiketi unaingia kabla hujairudisha simu mkobani. Mara ya nne ujumbe ulisema kwamba basi la Arusha lingeondoka "saa 12:00" na kwamba abiria afike nusu saa kabla. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimeshafika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, usingizi ungali machoni. Kijana wa mizigo aliisoma simu yangu, akaniambia kwa upole, "Dada, hii ni saa sita mchana. Mtambo unaandika saa za Kizungu."

Sikubali kwamba nilisoma vibaya. Anayetanguliza neno "saa" mbele ya tarakimu anamtaka Mswahili ahesabu kuanzia macheo. Ingeandikwa "12:00" tupu, huenda ningesita na kuuliza. Zamani kosa kama hili lisingesumbua sana, kwa kuwa mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kusafiri usiku na mengi yaliondoka alfajiri na asubuhi. Tangu safari za usiku ziruhusiwe tena mwaka 2023, tarakimu hizo hizo zinaweza kuwa saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni, saa sita mchana au saa sita usiku. Hiyo ya mwisho ina mtego wake: basi la saa sita za usiku wa kuamkia Ijumaa, tiketi yake iandikwe Alhamisi au Ijumaa?

Nilipowapigia simu, dada aliyepokea hakunibabaisha hata kidogo: "Pole sana dada yangu, basi lako ni saa sita kamili mchana." Neno "mchana" lilimaliza yote, na wapiga debe wa pale nje, ambao wengi tunawadharau, hawalisahau kamwe neno la namna hiyo wanapoita abiria. Wenye mdomo wanajua msikilizaji anahitaji nini. Aliyeandika ujumbe wa mtambo aliyageuza maneno tu kuwa ya Kiswahili, saa akaziacha za Kizungu zilivyokuwa.

Nilijaribu pia kuahirisha safari, nikakutana na swali "Una uhakika unataka kughairi?" na chini yake vitufe viwili, "Ghairi" na "Endelea". Niliviangalia kwa muda nisijue kipi kinafuta safari na kipi kinaiacha, kisha nikaifunga programu na kwenda kunywa chai.

Basi lenyewe lilikuwa safi, kiti kilikuwa kile nilichokichagua, na tuliondoka saa sita na dakika kumi. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Safari ijayo kiti nitakichagua kwenye programu, saa nitaiuliza kwa mdomo.